Paka Dume Aliyeziba Mkojo: Mwongozo Kamili wa Kumwokoa na Kumtunza

Paka dume anayekwenda kwenye mchanga wake mara kwa mara, akachutama, akajikamua kwa muda mrefu na kuondoka bila kuacha hata tone, yuko kwenye hatari ya kufa, na muda wa kumwokoa unahesabiwa kwa saa. Kama unasoma maneno haya huku paka wako akiwa katika hali hiyo, soma sehemu tatu za mwanzo tu, mpigie daktari wa mifugo, kisha uondoke nyumbani. Sehemu zilizobaki utazisoma ukiwa umeketi kwenye benchi la kliniki, kwa sababu zinahusu matibabu yenyewe na malezi ya wiki na miezi itakayofuata.

Tatizo hili huwapata hasa madume kutokana na maumbile yao. Mrija unaotoa mkojo kutoka kibofuni ni mfupi na mpana kwa paka jike, lakini kwa dume ni mrefu, na unapofika kwenye uume hubana hata kipenyo chake kikakaribia milimita moja tu. Mchanganyiko mdogo wa ute, seli zilizobanduka na fuwele za madini unatosha kuuziba kabisa. Wakati mwingine kinachoziba ni kijiwe kilichotoka kibofuni, na wakati mwingine hakuna kitu chochote ndani ya mrija: kibofu kimevimba bila maambukizi ya vijidudu, mara nyingi kwa paka mwenye mfadhaiko, na misuli inayouzunguka mrija imejikaza kwa maumivu hata mkojo ukakosa njia. Wengi wa wanaopatwa ni madume wenye umri wa kati, wanene kiasi, wanaoishi ndani ya nyumba na kula chakula kikavu, ingawa hata paka mwembamba anayezurura mitaani anaweza kuziba.

Mkojo ukikosa njia, kibofu hujaa hadi figo zinashindwa kuchuja damu. Ndani ya siku moja hivi sumu zinaanza kurundikana mwilini, na pamoja nazo madini ya potasiamu, ambayo yakizidi hupunguza kasi ya moyo na kuuvuruga mpaka usimame. Paka aliyeziba kabisa bila kutibiwa anaweza kufa ndani ya siku mbili au tatu, na mara nyingi kinachomuua ni moyo.

Hatua ya kwanza: kutofautisha mkojo na choo kigumu

Muda mwingi hupotea hapa, nami ningependa msomaji akae na jambo hili kuliko lolote lingine. Mwenye paka humwona amechutama anajikaza, akadhani ni choo kigumu, akampa mafuta ya kula au samli na kusubiri hadi kesho yake. Dume anayejikamua achukuliwe kuwa amezibwa mkojo mpaka ithibitishwe kwamba sivyo.

Mtazame kwa makini. Paka aliyezibwa huenda kwenye mchanga kila baada ya dakika chache, hujaribu kukojoa mahali asipozoea kama vile bafuni, kwenye sinki au juu ya kitanda, hujilamba uume bila kukoma, na hulia kwa sauti nzito ambayo mwenye nyumba hajawahi kuisikia. Baadaye huacha kula, hutapika, hujificha chini ya kitanda na kulegea. Usifarijike akinyamaza baada ya kulia usiku kucha, kwani kimya hicho mara nyingi huashiria kwamba sumu imeshamlemea.

Ukiwa na shaka, mwaga mchanga wote, osha beseni, likaushe na umwachie likiwa tupu, au tandika karatasi nyeupe chini. Ndani ya nusu saa utajua kama kuna mkojo unaotoka, ni kiasi gani na una rangi gani. Kisha, akiwa amesimama, pitisha kiganja chini ya tumbo lake, mbele kidogo ya miguu ya nyuma, na uguse taratibu kwa ncha za vidole bila kubinya. Kibofu chenye mkojo kidogo ni laini, na mara nyingi hutakihisi kabisa. Kilichozibwa huwa kigumu na cha mviringo, ukubwa wa ndimu au hata wa chungwa dogo, na paka atalia au kukugeukia ukikigusa. Ukihisi hivyo, uchunguzi wako umekwisha, ondoka. Hata kama hukuhisi chochote lakini mkojo hautoki, ondoka vilevile.

Paka anayetoa matone machache yenye damu naye apelekwe siku hiyohiyo, kwa maana kuziba nusu leo kunaweza kuwa kuziba kabisa kesho alfajiri.

Hatua ya pili: mambo ya kutofanya nyumbani

Usikibinye kibofu ukitumaini kuusukuma mkojo utoke. Kibofu kilichojaa kupita kiasi ukuta wake umedhoofika na kinaweza kupasuka, na paka ambaye angetibika akawa mgonjwa wa upasuaji mkubwa.

Usimpe dawa za maumivu za binadamu. Paracetamol ni sumu kali kwa paka, na sehemu ndogo tu ya kidonge inaweza kumuua, kwa sababu ini lake haliwezi kuivunja dawa hiyo kama letu linavyofanya. Diclofenac, ibuprofen na aspirini nazo huumiza figo ambazo tayari zimeelemewa.

Usimpe madafu. Nalisema hili waziwazi kwa sababu pwani tunaamini kwamba dafu husafisha njia ya mkojo, na mtu anayempenda paka wake atalifikiria kwanza. Maji ya dafu yana potasiamu nyingi, na potasiamu ndiyo hasa inayomhatarisha paka aliyezibwa. Kumlazimisha kunywa maji ya kawaida kwa bomba la sindano nako hakusaidii, kwani hakuna mahali pa maji hayo kutokea, na paka anayetapika anaweza kuyavuta mapafuni.

Usinunue sindano ya antibiotiki kwenye duka la dawa za mifugo ukaihesabu kuwa tiba. Kwa madume vijana wanaoziba mara ya kwanza, maambukizi ya bakteria ni nadra kuwa ndiyo chanzo, na hata pale yanapokuwapo, dawa haiwezi kuufungua mrija ulioziba.

Hatua ya tatu: kupiga simu na kusafiri

Si kila mtaalamu wa mifugo ana vifaa vya paka. Maofisa wengi walioko vijijini na pembezoni mwa miji wamezoea ng'ombe, mbuzi na kuku, na ni wazuri katika kazi hiyo, lakini kufungua mrija wa paka kunahitaji katheta, yaani mpira mwembamba sana unaoingizwa kwenye njia ya mkojo, kwa kawaida wa namba 3.5, pamoja na dawa ya usingizi inayofaa na mkono uliozoea. Kwa hiyo piga simu kabla ya kutoka na useme habari yote kwa mara moja: "Shikamoo daktari. Nina paka dume aliyehasiwa, ana miaka minne. Tangu jana jioni anajikamua na mkojo hautoki, na asubuhi hii ametapika. Je, mna katheta ya paka, na mnaweza kumlaza?" Ukijibiwa hapana, uliza ni nani aliye nayo. Vyuo vikuu vinavyofundisha udaktari wa mifugo, kama Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo mjini Morogoro, Chuo Kikuu cha Nairobi katika kampasi ya Kabete na Makerere mjini Kampala, ni mahali pazuri pa kuulizia hata kama uko mbali, kwa kuwa waliosomea huko wanafahamiana na watakuelekeza kwa daktari aliye karibu nawe.

Msafirishe ndani ya kizimba au tenga lenye kifuniko, lililotandikwa taulo, na ulifunike kwa kanga ili asione msongamano wa barabara. Teksi au bajaji inafaa kuliko pikipiki, kwani mtikisiko juu ya kibofu kilichojaa ni mateso na ni hatari. Usimlishe chochote kabla ya kuondoka, kwa sababu huenda akalazwa usingizi mara tu mtakapofika.

Hatua ya nne: kuelewa yanayofanyika kliniki

Daktari mzuri hataanza na katheta. Ataanza na moyo. Paka mwenye hofu mezani moyo wake huenda mbio; ukipiga chini ya mara 140 kwa dakika, na joto la mwili likiwa limeshuka chini ya nyuzi 36, hizo ni dalili kwamba potasiamu imepanda, hata pale ambapo hakuna maabara ya kuipima. Kama vipimo vya damu vipo, potasiamu na kreatinini, ambayo ni taka ya damu inayopanda figo zikishindwa kuchuja, ndizo namba za kuziulizia.

Atamwekea dripu. Wapo wanaoogopa kwamba dripu itazidi kukijaza kibofu kilichofungwa, lakini maji ya mshipani huizimua potasiamu na kuirudisha damu kwenye hali yake, na kukawia kumpa maji hayo ndiko kunakoleta madhara. Ikiwa moyo umeshayumba, atachoma kalsiamu glukoneti polepole ili kuulinda, na pengine insulini pamoja na glukosi ili kuisukuma potasiamu irudi ndani ya seli. Anaweza pia kuchoma sindano nyembamba kupitia ukuta wa tumbo na kupunguza mkojo moja kwa moja kutoka kibofuni, jambo linalotisha kulitazama, ila kwa mkono wa mjuzi humpa paka nafuu ya haraka.

Ndipo paka hulazwa usingizi, katheta ikaingizwa taratibu huku maji safi ya chumvi yakisukumwa ili kukirudisha kizibo kibofuni. Katheta hushonwa mahali pake na kuunganishwa na mfuko uliofungwa, na kwa kawaida hubaki siku moja hadi tatu. Katika muda huo figo zilizofunguliwa huweza kumwaga mkojo mwingi kupita kiasi, kwa hiyo kinachotoka hupimwa na dripu hurekebishwa ili kulingana nacho. Mgonjwa asiruhusiwe kwenda nyumbani kabla hajaonekana akikojoa mwenyewe baada ya katheta kutolewa. Omba pia mkojo uchunguzwe kwa hadubini na tumbo lipigwe eksirei au utrasaundi, kwa maana chakula atakachokula miezi ijayo kinategemea kama ana vijiwe au hana, na ni vya aina gani.

Zungumza habari ya fedha mapema, bila haya. Uliza gharama ya kumfungua, ya kumlaza kila siku na ya vipimo, kila moja peke yake. Iwapo uwezo haufiki kwenye kumlaza, mwambie daktari wazi, kwani wapo wagonjwa wanaofunguliwa na kurudi nyumbani siku ileile kwa dawa za maumivu na uangalizi wa karibu, ingawa uwezekano wa kuziba tena huwa mkubwa zaidi. Na ikiwa kwa kweli hakuna njia yoyote ya kutibu, muombe amlaze usingizi wa mwisho. Kumrudisha nyumbani akiwa amezibwa ni kumwacha afe kwa maumivu makali, na mtu aliyechagua kumpumzisha asilaumiwe na yeyote, wala asikubali kuambiwa kwamba alikuwa paka tu.

Hatua ya tano: wiki ya kwanza nyumbani

Kuziba tena hutokea zaidi katika siku chache baada ya katheta kutolewa. Mpe chumba chake tulivu, chenye beseni la mchanga, maji, chakula na mahali pa kujificha, na umtenge na paka wengine ili ujue kwamba mkojo unaouona ni wake. Weka daftari karibu na mlango. Andika kila anapokojoa, ukubwa wa bonge kwenye mchanga na rangi yake. Paka mzima hukojoa mara mbili hadi nne kwa siku, mabonge makubwa. Huyu anaweza kwenda mara nyingi zaidi, kwa vitone vyenye damu, na kujikaza kidogo kwa sababu mrija bado una michubuko. Hilo linavumilika maadamu mkojo unatoka. Ikipita nusu siku bila bonge lolote, au akijikamua mara kadhaa mfululizo bila kutoa kitu, mrudishe hata kama ni usiku wa manane.

Dawa za maumivu alizoandikiwa mpe kwa wakati na uzimalize kama ulivyoelekezwa, kwa kuwa maumivu hukaza misuli ya mrija, na misuli iliyokazika ni njia nyingine ya kuziba. Kola ya shingoni, ile inayomzuia kujilamba, isitolewe kwa huruma. Akikataa chakula siku ya kwanza, pasha chakula moto kidogo ili kinukie. Akikataa siku nzima ya pili, piga simu.

Hatua ya sita: maji, ambayo ndiyo kazi kubwa ya maisha yake

Mkojo mwingi ulio mwepesi husafisha kibofu na kuzipunguzia fuwele nafasi ya kujijenga. Paka mwenye kilo 4 anahitaji takriban mililita 200 za maji kwa siku, yakihesabiwa pamoja na yale yaliyomo kwenye chakula. Gramu 60 za chakula kikavu zina mililita 6 hivi tu za maji; gramu 250 za chakula cha majimaji, ambacho karibu robo tatu yake au zaidi ni maji, zinakaribia kumtosheleza hata asipogusa bakuli. Tofauti hii ndiyo inayonifanya niamini kwamba kubadilisha chakula kuna manufaa kuliko dawa nyingi za kuongezea zinazouzwa.

Chakula cha kopo ni ghali kwetu, na si kila nyumba itakimudu kila siku. Kama kinachopatikana ni kikavu, kiloweke kwenye maji ya uvuguvugu kwa robo saa hadi kilainike, kisha uongeze maji kijiko kimoja zaidi kila baada ya siku mbili tatu, kwa utaratibu ambao hataususia. Supu ya kuku au ya samaki isiyo na chumvi wala viungo humvutia anywe. Kitunguu maji na kitunguu saumu visiwemo kabisa, kwa sababu huharibu chembe nyekundu za damu ya paka. Weka mabakuli ya maji sehemu kadhaa, mapana, mbali na beseni la mchanga, na uyabadilishe asubuhi na jioni. Wapo wanaopenda maji yanayotiririka, na bomba likiachiwa lidondoke dakika chache mara mbili kwa siku, watakunywa hapo kwa hamu.

Dagaa wanahitaji kutajwa peke yao, kwa kuwa katika nyumba nyingi ndio chakula chote cha paka. Dagaa wakavu, wanaoliwa na mifupa yao, wana madini mengi na maji kidogo sana, na wengine wamekaushwa kwa chumvi. Dume aliyewahi kuziba asilishwe kavu tena. Ukikosa kingine, waloweke, mwaga maji hayo, wachemshe kwa maji mengi na umpe pamoja na mchuzi wake, lakini wasiwe chakula chake cha pekee.

Ikiwa vipimo vimeonyesha fuwele au vijiwe vya struviti, ambayo ni aina mojawapo ya madini ya mkojo, kuna chakula maalumu cha tiba kinachoviyeyusha ndani ya wiki chache, kwa sharti kwamba paka asile kitu kingine chochote pembeni. Vijiwe vya kalsiamu oksaleti haviyeyuki kwa chakula. Hivyo hutolewa na daktari. Ndiyo maana usimtilie ndimu wala siki kwenye maji kwa ushauri wa jirani: kuongeza asidi bila kujua aina ya kijiwe kunaweza kumwongezea tatizo jingine, mbali na kumfanya aache kunywa.

Hatua ya saba: utulivu wa nyumba

Kwa paka ambaye kibofu chake huvimba kwa sababu ya mfadhaiko, nyumba yenyewe ni sehemu ya tiba. Fikiria kilichobadilika kabla hajaugua: mgeni aliyekuja kukaa, mtoto mchanga, mafundi wa ukarabati, kuhama, paka mpya. Katika miji kama Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambako paka wa mitaani ni wengi, dume wa ndani anaweza kukaa siku nzima dirishani akitishana na dume wa nje, na mwenye nyumba akaona ni mchezo. Zuia dirisha hilo asione nje, na mpe mahali pa juu pa kupumzikia, hata juu ya kabati.

Mabeseni ya mchanga yawe moja zaidi ya idadi ya paka, katika vyumba tofauti, yasafishwe kila siku, na mchanga usiwe na manukato. Mlishe saa zilezile, mchezeshe kwa kamba au manyoya dakika kumi asubuhi na jioni, na kama ni mnene, mpunguze uzito polepole kwa maelekezo ya daktari. Paka mnene asinyimwe chakula ghafla, kwani ini lake huweza kudhurika.

Akiziba tena na tena

Wapo wanaoziba tena licha ya juhudi zote, na hilo halimaanishi kwamba mwenye paka amezembea. Kwa hawa kuna upasuaji ambao huondoa sehemu ile nyembamba ya uume na kutengeneza tundu jipya kwenye sehemu pana ya mrija, chini ya mkia. Uliza kama daktari ameshaufanya mara nyingi, kwa kuwa kovu likikaza tundu hilo, tatizo hurudi likiwa gumu kuliko mwanzo. Baada ya upasuaji paka huvaa kola mpaka nyuzi zitolewe, na badala ya mchanga hutandikiwa vipande vya karatasi ili chembe zisinate kwenye kidonda. Atakojoa kama kawaida na ataishi vizuri, lakini bakteria sasa wana njia fupi ya kupanda kibofuni na vijiwe vinaweza kuendelea kujijenga mle ndani; kwa hiyo chakula chake cha majimaji kiendelee, na mkojo wake upimwe kila baada ya miezi kadhaa, au mara tu unapoona damu au unaposikia harufu kali isiyo ya kawaida.